Maombi ya hataza BRELA: mwongozo kamili kwa mvumbuzi ambaye maombi yake yamekwisha kukwama

Rasimu za maombi ya hataza (patent), yaani haki ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wako kwa muda, ninazoletewa kuzisoma hukosea mahali pale pale. Kifaa chenyewe mara nyingi ni kizuri na kinafanya kazi, lakini karatasi haisemi kile ambacho mikono ya fundi inakijua, au kifaa kimekwisha kuonyeshwa hadharani kabla karatasi haijaandikwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya yule aliyejaribu akakwama, na kwa yule anayetaka kujaribu kwa mara ya kwanza bila kupitia njia hiyo ndefu.

Unahusu Tanzania Bara, ambako hataza hutolewa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA, chini ya Sheria ya Hataza, Sura ya 217. Zanzibar ina sheria yake na wakala wake, BPRA, na hataza ya upande mmoja haikulindi upande wa pili wa maji. Msomaji wa Kenya atakwenda KIPI, ofisi ya hataza ya huko. Hatua za kuandika ni zile zile, ila ada, fomu na muda wa ulinzi vinatofautiana.

## Jua mlango wako kabla ya kutoka nyumbani

Peru wameweka ushindani wa biashara na hataza chini ya paa moja, taasisi inayoitwa INDECOPI, hivyo raia wa Lima anakwenda sehemu moja kwa mambo yote mawili. Kwetu milango imegawanywa, na watu wengi hupoteza wiki nzima wakigonga mlango usio wao.

BRELA husajili makampuni, majina ya biashara, alama za biashara na huduma, na hataza. Tume ya Ushindani, FCC, husimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 pamoja na udhibiti wa bidhaa bandia, yaani zile zinazobeba alama ya mtu mwingine. COSOTA inahusika na hakimiliki: maandishi, muziki, picha. TBS inahusika na viwango vya ubora, na alama yake haina uhusiano wowote na nani aliyevumbua.

Kosa la kwanza ninalokutana nalo ni la mtu aliyesajili jina la biashara akaamini kwamba amelinda mashine yake. Amesajili jina tu. Jirani yake anaweza kutengeneza mashine ile ile akaipa jina jingine, na BRELA haitakuwa na la kumfanya.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

Usianze hatua ya kwanza kabla hujakusanya hivi:

- Daftari lenye kurasa zilizoshonwa, ambamo umeandika tarehe za majaribio, vipimo na makosa. Karatasi moja moja hupotea na hazishawishi mtu.
- Kifaa chenyewe, au angalau michoro inayotosha kumwezesha fundi mwingine akitengeneze.
- Namba ya Kitambulisho cha Taifa ya NIDA, anwani ya kudumu, barua pepe na namba ya simu ambayo hutaibadilisha mwezi ujao.
- Makubaliano ya maandishi na kila mtu aliyeshiriki: mwenzako wa karakana, aliyetoa mtaji, mwanafunzi aliyekuchorea. Yaeleze mambo mawili, nani mmiliki na nani anapaswa kunyamaza.
- Mkataba wako wa ajira, kama umeajiriwa. Uvumbuzi uliofanyika katika kutekeleza kazi uliyoajiriwa kuifanya kwa kawaida ni wa mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine.
- Karatasi za A4, rula, kalamu nyeusi, na kompyuta yenye intaneti. Simu inatosha kutafutia, lakini kuandika madai, yaani sentensi zinazosema ni nini hasa unachotaka kilindwe, kwenye simu ni kujitesa.
- Fedha za ada za mwanzo, na akiba ya ada za kila mwaka. Viwango vya sasa vitazame kwenye tovuti ya BRELA siku ile unapolipa. Usitegemee picha inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp.

Katika mwongozo wote nitatumia mfano mmoja: mashine ya kukunia nazi. Kila aliyewahi kukalia mbuzi anajua taabu yake. Ukifika karibu na kifuu, meno hukwangua ile ngozi ya kahawia, na tui linatoka na vidoa. Tuseme mvumbuzi wetu ametengeneza mashine ambayo kichwa chake cha meno hurudi nyuma chenyewe mara kinapogusa kifuu. Ni mfano wa kufundishia tu, wala sidai kwamba hakuna aliyewahi kuufikiria.

## Hatua ya 1: Pima kama ulicho nacho kinaweza kupewa hataza

Sheria inadai mambo matatu kwa pamoja. Uvumbuzi uwe mpya. Uwe na hatua ya kivumbuzi, maana yake fundi wa kawaida wa fani hiyo asiweze kuufikia kirahisi kwa kuunganisha tu yale yanayojulikana. Na uweze kutumika katika uzalishaji, kilimo kikiwemo.

Kuna mambo yaliyoachwa nje hata yakiwa mapya. Ugunduzi wa kitu kilichokuwepo katika maumbile, nadharia za sayansi na hisabati, mbinu za kuendesha biashara, kanuni za michezo, aina za mimea na wanyama, pamoja na njia za kutibu au kuchunguza maradhi ya binadamu na wanyama, havipati hataza. Mganga aliyegundua kwamba mzizi fulani unatuliza homa hana hataza ya mzizi, wala ya kumtibu mgonjwa kwa mzizi huo. Ila kifaa kipya cha kukamulia dawa yake kinaweza kufikiriwa.

Katika mfano wetu, wazo kwamba "nazi ikunwe bila kugusa kifuu" si uvumbuzi, ni matamanio. Uvumbuzi ni ile namna kichwa kinavyorudishwa nyuma. Ukiweza kuandika namna hiyo kwa sentensi mbili, bila neno "bora", "kisasa" wala "rahisi", endelea. Ukishindwa, rudi karakana kwanza.

Ikiwa kifaa chako ni kipya lakini unahisi hatua ya kivumbuzi ni ndogo, fahamu kwamba sheria ina cheti cha ngazi ya chini kwa uvumbuzi wa namna hiyo, chenye masharti mepesi na muda mfupi wa ulinzi. Kwa maboresho mengi ya zana za mikono, hiyo ndiyo njia ya busara. Waulize maafisa wa BRELA kabla hujachagua fomu.

## Hatua ya 2: Nyamaza

Hatua hii haina gharama hata senti moja, na ndiyo inayowaangusha watu wengi kuliko nyingine zote.

Upya unapimwa kwa kutazama yale ambayo umma ulikwisha kuyajua kabla ya tarehe ya kuwasilisha maombi, na hata yale uliyoyatangaza wewe mwenyewe yanahesabiwa. Ukiionyesha mashine kwenye banda la Sabasaba mwezi Julai, ukaeleza mbele ya wageni jinsi springi inavyofanya kazi, kisha ukawasilisha maombi mwezi Oktoba, umejiwekea ushahidi dhidi yako mwenyewe. Nanenane ni vivyo hivyo. Video ya sekunde thelathini kwenye TikTok ni mbaya zaidi, kwa sababu inabeba tarehe na mtu yeyote aliye Munich au Harare anaweza kuifungua.

Baadhi ya nchi zina muda wa nafuu kwa aliyejitangaza mwenyewe, lakini usijenge nyumba juu ya nafuu hiyo. Ulaya, kwa mfano, haina nafuu ya jumla kwa video uliyoiweka kwa hiari yako.

Kuna aliyenijia na kifaa kizuri cha kukaushia dagaa. Alikuwa amekipeleka kwenye mashindano ya ubunifu, na waandaaji, ambao sina sababu ya kuwataja, walichapisha kijitabu chenye mchoro wake wote pamoja na vipimo. Alishinda zawadi, lakini upya wa kifaa ulikuwa umekwisha. Mashindano yenyewe ni jambo jema, ila wasilisha maombi kwanza, hata siku moja kabla, kisha nenda ukashinde.

Ukilazimika kumwonyesha mtu, kama vile fundi wa kuchomelea au mwenye mtaji, msainishe karatasi ya usiri kwanza. Ukurasa mmoja unatosha: tarehe, majina, kitu kinachoonyeshwa, na ahadi ya kutokitangaza wala kukitumia bila idhini. Anayekataa kusaini asionyeshwe.

## Hatua ya 3: Tafuta kabla ya kuandika

Lengo la kutafuta ni kujua mipaka. Hata ukikuta kitu kinachofanana na chako, tofauti utakayoiona ndiyo itakayokuwa kiini cha madai yako.

Kuna hazina tatu za bure: Espacenet ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya, Patentscope ya WIPO, yaani Shirika la Miliki Bunifu Duniani, na Google Patents. Tafuta kwa maneno ya Kiingereza, kwa kuwa nyaraka nyingi zimeandikwa au kutafsiriwa kwa lugha hiyo, na usitosheke na neno moja. Kwa nazi jaribu "coconut" pamoja na "grater", kisha "scraper", kisha "shredder". Mvumbuzi wa India, wa Sri Lanka na wa Ufilipino kila mmoja anaweza kukiita kitu kile kile kwa neno lake.

Baada ya maneno, tumia alama za uainishaji wa kimataifa wa hataza. Vyombo vya jikoni viko chini ya A47J, na mashine za kushughulikia matunda na mboga chini ya A23N. Fungua hati moja iliyo karibu na yako, soma alama zilizoandikwa kwenye ukurasa wake wa kwanza, kisha tafuta kwa alama hizo. Njia hii huibua hati ambazo maneno hayakuzifikia.

Soma madai ya kila hati, usiishie kwenye picha. Andika kwenye daftari namba ya hati, tarehe yake, inafanya nini, na chako kinatofautiana wapi. Hati tano hadi kumi zilizosomwa kwa makini zina faida kuliko mia moja zilizopitiwa juu juu. Utakuwa umefaulu hapa utakapoweza kusema: "Hati iliyo karibu zaidi na yangu ni hii, ina A na B, lakini haina C." Usipopata chochote kabisa, shuku utafutaji wako kwanza. Nazi imekunwa duniani kwa karne nyingi.

## Hatua ya 4: Andika maelezo ya uvumbuzi

Maelezo ndiyo sehemu ndefu, na kazi yake ni moja: fundi wa fani hiyo ayasome na aweze kutengeneza kifaa bila kukupigia simu. Hataza ni mapatano. Serikali inakupa haki ya kuwazuia wengine kwa muda, nawe unaufundisha umma uvumbuzi wako. Anayeficha kiini amevunja upande wake wa mapatano, na maombi yake yanaweza kukataliwa kwa sababu hiyo.

Fuata mpangilio huu. Anza na jina la uvumbuzi, fupi na lisilo na sifa: "Kifaa cha kukunia nazi". Taja fani. Eleza yaliyokuwepo kabla, pamoja na zile hati ulizozikuta, na kasoro zake. Sema tatizo unalolitatua. Eleza uvumbuzi kwa jumla, kisha orodhesha michoro, kisha eleza angalau namna moja kamili ya kuutengeneza, ukitaja kila kiungo kwa namba yake ya kwenye mchoro.

Hapa vipimo vina mahali pake. Sema kwamba katika namna moja kichwa kina meno manane na springi ina urefu wa milimita 40, kisha ongeza kwamba idadi ya meno inaweza kutofautiana, kwamba mahali pa springi panaweza kutumika mpira au hewa iliyobanwa, na kwamba badala ya mota panaweza kutumika pedali au mpini wa mkono. Andika kila mbadala unaoufikiria leo.

Tahadhari: baada ya kuwasilisha, huruhusiwi kuongeza jambo jipya ambalo halikuwemo katika maandishi ya mwanzo. Unaweza kusahihisha, kupunguza na kufafanua. Ukikumbuka mwezi mmoja baadaye kwamba pedali nayo inafaa, na hukuiandika, imekupita.

## Hatua ya 5: Chora

Michoro iwe ya mistari myeusi juu ya karatasi nyeupe ya A4, bila rangi na bila maelezo marefu ndani yake. Picha za simu hazifai kuwa mbadala wa mchoro. Kila kiungo kipewe namba, na namba ile ile itumike katika kila mchoro na katika maelezo yote: kama springi ni 14 kwenye mchoro wa 1, isiwe 9 kwenye mchoro wa 3.

Chora kifaa kizima, kisha chora kwa ukaribu sehemu iliyo mpya. Kwa mashine yetu ningetaka michoro miwili ya ziada: kichwa kikiwa mbele, na kichwa kikiwa kimerudi nyuma baada ya kugusa kifuu, ili tofauti ya hali hizo mbili ionekane bila kusoma neno.

## Hatua ya 6: Andika madai

Kaa hapa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Maelezo yanafundisha, lakini madai ndiyo yanayoweka ua wa kiwanja chako, na kitu ambacho hakikuzungushiwa ua ni cha kila mtu, hata kama umekieleza kwa kurasa ishirini.

Hili ni dai la aina ninayokutana nayo kila mara:

> Mashine nzuri ya kisasa ya kukunia nazi inayotumia umeme na kutoa tui jeupe kuliko mashine nyingine.

Halina thamani. "Nzuri" na "kisasa" havipimiki. Mashine za umeme za kukunia nazi zipo sokoni tangu zamani, hivyo sehemu hiyo si mpya. Na tui jeupe ni matokeo. Dai linapaswa kusema kifaa kimeundwaje hata matokeo hayo yakapatikana.

Akiambiwa hivyo, mvumbuzi hukimbilia upande wa pili:

> Mashine ya kukunia nazi yenye mota ya wati 250, kichwa cha chuma cha pua chenye meno 8 na kipenyo cha milimita 60, springi ya milimita 40 na bakuli la plastiki la bluu.

Sasa ua umekuwa mdogo kama zizi la kuku. Mshindani ataweka meno tisa na bakuli jekundu, na atauza mbele ya duka lako huku anakusalimia. Kila neno unaloliongeza kwenye dai linapunguza kiwanja, kwa sababu anayeingilia hataza ni yule ambaye kifaa chake kina vitu vyote vilivyotajwa katika dai. Kikikosa kimoja, kwa kawaida ametoka nje ya ua.

Kwa hiyo jiulize swali hili mbele ya kila kiungo: nikikiondoa, je, uvumbuzi bado unafanya kazi yake mpya? Bakuli likiondolewa, kichwa bado kinarudi nyuma, futa bakuli. Mota ikiondolewa na mtu akazungusha kwa mkono, bado kinarudi, futa mota. Springi ikiondolewa bila kitu cha kushika nafasi yake, kila kitu kinakufa. Springi inabaki, lakini kwa jina pana zaidi. Mwishoni unapata kitu kama hiki:

> 1\. Kifaa cha kukunia nazi kilicho na shina, mhimili unaozunguka uliofungwa kwenye shina hilo, na kichwa chenye meno kilicho kwenye ncha ya mhimili, ambacho kinatambulika kwa kuwa kichwa hicho kinaweza kuteleza kwa kufuata urefu wa mhimili na kinasukumwa mbele na kiungo chenye mnyumbuko, ambapo nguvu ya kiungo hicho inatosha kukifanya kichwa kikune nyama ya nazi lakini haitoshi kukifanya kikwangue kifuu, hivyo kwamba kichwa hurudi nyuma kinapogusa kifuu.

Tazama jinsi lilivyojengwa. Kabla ya "kinatambulika kwa kuwa" yamewekwa yale yanayojulikana. Baada yake yamewekwa mapya. Ni sentensi moja, hata iwe ndefu kiasi gani, na haina sifa yoyote ya kuuzia.

Kisha yafuate madai tegemezi, kila moja likirudi kwenye lililotangulia na kuongeza kitu kimoja:

> 2\. Kifaa kulingana na dai la 1, ambacho kiungo chenye mnyumbuko ni springi.
>
> 3\. Kifaa kulingana na dai la 2, chenye skrubu ya kurekebisha mkazo wa springi hiyo.
>
> 4\. Kifaa kulingana na dai lolote kati ya yaliyotangulia, ambacho mhimili unazungushwa na mota ya umeme.

Watu huuliza madai tegemezi yana kazi gani ikiwa la kwanza tayari limebeba yote. Yana kazi ya ngome za ndani. Ikitokea hati ya zamani ambayo ina kichwa kinachorudi nyuma kwa springi, dai la 1 na la 2 yataanguka, lakini dai la 3 lenye skrubu ya kurekebisha huenda likasimama, kwa sababu nazi kavu na koroma hazihitaji mkazo ule ule na hati ile haikulijibu tatizo hilo. Asiye na dai la 3 anaondoka mikono mitupu.

Tahadhari mbili. Kila neno lililo kwenye madai lazima liwe na mzizi kwenye maelezo. Usidai mpira kama hukuuandika. Na ombi moja ni la uvumbuzi mmoja, au kundi linaloshikamana na wazo moja. Usibebe mashine ya kukunia, chujio la tui na jiko la makumbi katika ombi moja kwa kutaka kuokoa ada, maana utatakiwa kuligawa.

Kipimo cha kufaulu ni hiki: mpe fundi asiyehusika, aliyekwisha kusaini karatasi ya usiri, asome dai la 1 na umwombe abuni namna ya kulikwepa huku akipata faida ile ile. Akiipata kwa dakika tano, hujamaliza kuandika.

Kama una fedha za kumlipa mtaalamu kwa sehemu moja tu ya kazi hii yote, mlipe kwa hatua ya 6.

## Hatua ya 7: Muhtasari na fomu

Muhtasari ni aya moja ya maneno 50 hadi 150 inayosema kifaa ni nini na kinafanyaje kazi. Unatumika kwa taarifa tu na haupanui ulinzi wako, kwa hiyo usiutolee jasho.

Kwenye fomu ya ombi, jina la mwombaji na jina la mvumbuzi yanaweza kuwa tofauti: kampuni inaweza kuomba, lakini mvumbuzi ni binadamu na anapaswa kutajwa. Kama mwombaji si mvumbuzi, ambatisha maelezo ya jinsi haki ilivyomfikia. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Kuandika "Mohamed" hapa na "Muhammad" pale kunaleta barua ya marekebisho ambayo ingeepukika.

## Hatua ya 8: Wasilisha na uishike tarehe yako

Anzia kwenye brela.go.tz, ambako utakuta fomu, maelekezo ya sasa na viwango vya ada. Kagua kwamba kifurushi kina sehemu tano: ombi, maelezo, madai, michoro inapohitajika, na muhtasari. Malipo ya serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo mitaani tunaiita kontrol namba, kupitia benki au simu. Usimpe fedha mkononi mtu yeyote anayesema ataiharakisha.

Tarehe ya kuwasilisha ndiyo mali yako ya kwanza. Watu wawili wakivumbua kitu kile kile bila kuibiana, anayetangulia ni aliyewahisha maombi, hata kama mwenzake alianza kuunda miaka miwili kabla. Utajua hatua hii imekamilika utakapokuwa na namba ya ombi na tarehe kwa maandishi. Tuma nakala kwenye barua pepe yako, na nyingine mpe mtu unayemwamini.

Kuanzia siku hiyo unaweza kuonyesha kifaa. Unaweza pia kuandika kwamba hataza imeombwa, lakini usiandike kwamba imetolewa.

## Hatua ya 9: Jibu barua kwa wakati

Kupata barua ya kutakiwa kurekebisha ni jambo la kawaida, wala si dalili ya kukataliwa. Kosa ni kuiacha. Kila barua ina muda wake wa kujibiwa, na ombi lisilojibiwa huhesabiwa limeachwa. Nimeona watu wakipoteza haki kwa sababu namba ya simu waliyoandika ilikwisha kufungwa.

Jibu hoja kwa hoja, kwa namba zile zile za barua. Mkaguzi akisema dai lako si jipya mbele ya hati fulani, isome hati yenyewe kwanza. Pengine unaweza kuonyesha tofauti kwa hoja. Pengine itabidi upunguze dai kwa kuingiza dai tegemezi ndani yake. Kumwandikia kwamba umefanya kazi hii kwa jasho na kwamba nchi inahitaji wavumbuzi hakujibu swali aliloliuliza.

## Hatua ya 10: Miezi 12 ya kuamua kuhusu nchi nyingine

Hataza ya Tanzania haivuki mpaka. Chini ya Mkataba wa Paris wa kulinda mali ya viwandani una miezi 12 tangu tarehe ya kwanza ya kuwasilisha, ambamo unaweza kuomba katika nchi nyingine wanachama huku ukihesabiwa kwa tarehe yako ya kwanza.

Njia iliyo karibu nasi ni ARIPO, shirika la miliki bunifu la kanda ya Afrika, lenye makao makuu Harare. Kwa ombi moja la Kiingereza unataja nchi unazozitaka miongoni mwa wanachama wa Itifaki ya Harare, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Msumbiji. ARIPO inafanya uchunguzi wa kina, na ikikubali, nchi zilizotajwa zina miezi 6 ya kusema kama hataza hiyo haitakuwa na nguvu kwao. Njia nyingine ni mkataba wa ushirikiano wa hataza, PCT, unaokupa kwa kawaida hadi miezi 30 tangu tarehe ya kwanza kabla ya kuingia katika nchi moja moja na kulipa huko.

Ushauri wangu ni wa kibiashara zaidi kuliko wa kisheria. Taja nchi ambazo nazi zinakunwa kwa wingi na ambazo kweli una mtu wa kukuuzia. Kila nchi unayoitaja ina ada, na hataza ya nchi usiyouza wala kumpa mtu leseni ni mzigo.

## Hatua ya 11: Ilinde baada ya kuipata

Ulinzi wa Tanzania Bara ni miaka 10 tangu tarehe ya kuwasilisha, na unaweza kuongezwa mara mbili kwa miaka 5 kila mara, hadi kufikia miaka 20. Kenya hutoa 20 moja kwa moja, ila huko nako ada ya kila mwaka inatakiwa.

Ukimkuta mtu anatengeneza kifaa kilicho ndani ya madai yako, njia yako ni barua ya onyo na kisha mahakama. Ukimkuta anauza kifaa chenye nembo yako uliyoisajili, hapo mlango wa FCC uko wazi pia, kwa sababu hiyo ni bidhaa bandia. Hii ndiyo sababu inafaa kusajili alama ya biashara mapema, sambamba na hataza.

Unapotoa leseni kwa watengenezaji wawili au watatu, hataza inakuruhusu kudai mrabaha na kuweka masharti ya matumizi. Haikupi wewe wala wao ruhusa ya kukaa pamoja na washindani wenu mkapanga bei ya soko. Hilo ni kosa chini ya Sheria ya Ushindani, muwe na hataza msiwe nayo.

Mwisho ni ada ya mwaka. Inahesabiwa kwa kufuata tarehe ya kuwasilisha, si tarehe ya cheti, na wengi hupotea hapo hapo. Mkataba wa Paris unazitaka nchi wanachama zitoe muda wa nyongeza usiopungua miezi 6 kwa aliyechelewa, na unaruhusu nyongeza ya malipo kwa ucheleweshaji huo. Weka vikumbusho viwili kwenye simu, kimoja miezi miwili kabla na kingine wiki mbili kabla, na kimoja kiwe kwenye simu ya mwenza au mtoto wako, kwa sababu simu ya fundi huanguka ndani ya ndoo ya mafuta siku ile ile inapohitajika.